Ndoo ya Mbegu Kwenye Mnada wa Mavuno

Ema Mlowe alikuwa amesimama na kwaya ya akina mama alipomwona mumewe akiingia kanisani na ndoo. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, na familia za Kitandililo zilikuwa kwenye mstari kuelekea madhabahuni, kila moja na malimbuko yake: mahindi, viazi, kuku waliofungwa miguu. Nyumbani walikuwa wamekubaliana kwamba Anania atapeleka debe la mahindi, kwa sababu Ema alitangulia alfajiri kupikia wageni. Sasa Anania alikuwa amebeba ndoo nyeupe yenye mfuniko wa bluu, ile ya maharage ya mbegu. Aliishusha mbele ya madhabahu, akainamisha kichwa kwa muda, akarudi kwenye benchi la wazee wa kanisa.

Ema aliendelea kufungua mdomo pamoja na wenzake, lakini sauti haikutoka. Chini ya maharage yale, ndani ya soksi ya mtoto, ilikuwamo dhahabu yake yote.

Hakuna aliyejua. Mbegu huchanganywa na majivu ili wadudu wasiingie, na mtu hatii mkono kwenye majivu bila sababu. Kupanda maharage ilikuwa kazi ya Ema peke yake. Kwa hiyo ndoo ile ilikaa pembeni ya jiko miaka yote, wageni wakiegemeza miguu yao hapo, naye akijua kilichomo.

Alianza kwa sababu ya mama yake. Baba yake alipofariki kule Kifanya, baba zake wadogo walichukua shamba la miti kabla udongo wa kaburi haujakauka, kisha nyumba. Mama alitoka na watoto na nguo za mwilini. Masikioni alikuwa na hereni za dhahabu alizopewa na dada yake, na hakuna aliyekumbuka kumvua. Akaziuza Njombe mjini, akapanga chumba, akaanza kuuza viazi. Ema alikua akiamini kwamba hereni zile ndizo zilizomlea.

Naye akawa mfanyabiashara wa viazi, akivinunua Njombe na kuvishusha Makambako. Aliwahi kuweka fedha kwenye kikundi, mpaka mweka hazina alipohama na sanduku. Baada ya hapo, kila msimu ulipokuwa mzuri, alipita kwa sonara mmoja Njombe, mbali na macho ya majirani, akanunua kidogo: pete nyembamba, mkufu uliokatika, hereni ambazo mwenyewe hakurudi kuzikomboa. Alijiwekea sharti moja. Hakupita kwa sonara kabla ya kumaliza ahadi yake ya kanisa. Bahasha kwanza, sonara baadaye.

Hata hivyo hakuwa na amani kamili. Mahubiri yalipogusa wanaojilimbikizia mali, aliangalia chini. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba tangu soksi ile ianze kuwa nzito, alikuwa akiomba kwa utulivu, bila ule woga wa zamani, na hakuweza kusema utulivu huo ulitoka kwa Mungu au kwenye ndoo.

Anania hakuwa na kosa la makusudi. Mwaka uliopita walipeleka maharage yaliyokuwa yameingiwa na wadudu bila wao kujua. Baada ya ibada mazao hunadiwa nje, na mnadi wa usharika ni Manase, mdogo wake Anania. Manase aliyainua maharage yale mbele ya watu wote, akasema, "Haya ya mzee wa kanisa yametogwa masikio. Nani ana hereni ayavalishe?" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Anania hakucheka. Mwaka huu mwinjilisti Yonathani aliwasihi washarika wasilete mabaki, walete kilicho bora, na kilicho bora nyumbani kwa Anania kilikuwa mbegu.

Ibada ilipokwisha Ema aliwahi madhabahuni, lakini vijana walikuwa wameshatoa kila kitu nje. Upepo wa Makambako ulikuwa ukipuliza vumbi kwenye turubai lililotandikwa mazao. Manase alikuwa na kipaza sauti mkononi na ameshauza kuku wawili.

Aliifungua ndoo. Frederick, mgeni mwenye duka la pembejeo Njombe, akasogea, akatia mkono ndani, akatoa konzi na kupuliza majivu. Ema aliutazama mkono ule ukirudi tena ndani, mpaka kwenye kifundo.

"Hii ni mbegu, si mboga," Frederick alisema, akataja bei ya juu.

Ema akaongeza.

Manase aligeuka taratibu. "Shemeji, unanunua maharage yako mwenyewe? Au nyumbani umebakiza majivu?"

Watu walicheka. Frederick akapanda, Ema akapanda, na kila alipopanda kicheko kilipungua, kwa sababu bei ilikuwa imeshapita maharage ya aina yoyote. Ema alikuwa ameshafika kwenye fedha ya kununulia mzigo wa viazi wa Jumatatu. Hapo Frederick akasema kwamba akiipata ndoo ataitoa zawadi kwa kwaya ya wageni waliotoka Manda, na watu wakampigia makofi. Kwaya ile ilikuwa inaondoka mchana huohuo kurudi ziwani.

Ema alimfuata mumewe, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa.

"Baba Rejoice, simamisha mnada."

"Kuna nini?"

"Kwenye ndoo kuna dhahabu. Ni yangu."

Anania alimwangalia kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha nyingine. Akauliza ilianza lini. Akamwambia, tangu Rejoice yuko mgongoni. Akauliza kwa nini hakuambiwa. Ema alimtazama Manase pale mbele, na Anania akayafuata macho yake.

"Imeshawekwa madhabahuni, Ema," alisema polepole. "Nimeiombea."

"Umetoa maharage. Huwezi kutoa usichokijua. Tena si yako."

"Tangu lini chako si changu?"

"Ukiwa hai, ni chetu," Ema alisema. "Ukiwa hai."

Mbele Manase alikuwa ameshaitangaza bei ya Frederick mara ya pili, bado moja auze. Anania alinyoosha mkono juu, akapita katikati ya watu hadi kwa mwinjilisti, wakanong'onezana. Yonathani alimuuliza kama alijua kilichokuwemo wakati anatoa. Anania akasema hakujua. Mwinjilisti akafikiri kidogo, akaagiza maharage yamwagwe turubaini, kitolewe kisicho sadaka.

Soksi ilitoka ya mwisho, imejaa majivu. Manase ndiye aliyeiokota. Akaifungua, akachungulia, na watu wa mbele wakaona.

"Kumbe tunasali na benki," mtu alisema nyuma, lakini waliocheka walikuwa wachache.

Manase hakuitoa soksi. Aliipima kiganjani, akapima tena. "Kaka," alisema, "hii ni mali ya ukoo. Imetoka kwenye shamba la baba."

Ema aliitazama soksi kiganjani mwa Manase. Neno hilo alikuwa akilisubiri tangu siku aliyoolewa, ila alidhani atalisikia msibani.

"Imetoka kwenye viazi vyake," Anania alijibu. "Ni yake. Nikiwa hai ni yake, nikifa ni yake."

Manase alitabasamu, akaweka mkono sikioni. "Upepo, kaka. Sijasikia."

Anania alimsogelea, akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Hata matangazo ya ibada huyasoma ameinamia karatasi. Aliyarudia maneno yaleyale, mpaka akina mama waliokuwa kwenye sufuria nyuma ya kanisa wakatoka kusikiliza. Kisha akaongeza, "Na nyumba vilevile. Washarika wote ni mashahidi." Akamrudishia mdogo wake kipaza sauti. "Mpe kilicho chake. Endelea na mnada."

Manase alimpa Ema soksi bila kumtazama. Maharage yalizolewa, yakarudishwa ndooni, Frederick akayalipia, na kwaya ya Manda ikaondoka nayo.

Njiani kurudi nyumbani Anania alitangulia, kama kawaida yake, lakini alitembea upesi na hakugeuka. Ema alikuwa amefunga soksi kwenye pindo la kanga na kulishika kwa mikono miwili. Walipofika uani, Anania alisimama.

"Kwa hiyo ulikuwa umeshanizika, Mama Rejoice."

"Nilikuwa nimemzika baba yangu."

Anania aliangalia shamba upande wa pili wa ua. Akavua koti lake la kanisani, akalikung'uta vumbi, akalikunja.

"Utaiweka wapi sasa?"

Ema alikaza fundo la kanga.

"Vizuri," Anania alisema. "Usiniambie. Nisije nikaitoa tena."