Wimbo wa beti saba ulionichelewesha kuchapa kitabu cha Papa Anaclet

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Haya yamenipata mwenyewe, na sehemu inayonihukumu sijaipunguza.

Wengi mnanijua kwa majibu yangu kuhusu programu yetu ya kupanga vitabu. Sikusomea uchapaji. Nilijifunza humu jukwaani, uzi kwa uzi.

Papa Anaclet aliongoza korale, yaani kwaya, ya parokia yetu tangu nikiwa mtoto. Mchana alikuwa kiwandani, jioni alitunga nyimbo. Mwaka jana alinikabidhi madaftari manne, nyimbo sitini na moja. Figo zilikuwa zinamwangusha. Alitaka kukishika kitabu chake akiwa hai.

Niliziingiza zote kwenye kompyuta kwa wiki sita. Sitini zilikaa vizuri.

Wimbo mmoja wa Pasaka, wenye beti saba, ulikataa. Ubeti wa tano uliangukia nyuma ya karatasi, kwa hiyo mwimbaji angegeuza ukurasa katikati ya wimbo. Kupunguza herufi, wazee wasingesoma. Kuuhamisha, ningevunja mpangilio wake wa mwaka wa Kanisa. Kuacha ukurasa mtupu kabla yake, nyimbo zinazofuata zingeharibika.

Basi nikaanza kuandika amri ili programu ipime kila wimbo na kuupangia yenyewe kurasa mbili zinazotazamana.

Mnaukumbuka uzi wangu ule mrefu. Mlinijibu vizuri sana. Kila jibu lilifichua kasoro nyingine, nami nikafurahia kuitatua. Hilo ndilo linaloniuma: nilifurahia. Miezi mitatu.

Nilipomtembelea na kompyuta yangu mkononi, alikuwa amekonda, lakini ulimi wake ulikuwa uleule wa utani.

“Weye, hii ordinateur yako iko mu séminaire? Inasoma tu, misa haisemi.”

Nikamweleza habari ya ubeti wa tano.

“Njo ile tu? Bantu ya korale beko na mikono. Batageuza.”

“Papa, nipe wiki mbili, itakuwa safi.”

“Minye sina wiki za kukopesha, mutoto yangu.”

Nikacheka. Nikarudi kwenye amri zangu.

Siku ya tisa baada ya hapo binti yake alinipigia simu. Papa amekufa. Akaongeza, bila kunilaumu: “Asubuhi aliuliza kama kitabu inakuya.”

Nilifungua faili la zamani, lile la kabla ya amri zote, nikalichapa lilivyo. Nakala ya kwanza ilichukua dakika chache; kufikia mazishi korale yote ilikuwa na zake. Umeme ulikuwepo, karatasi zilikuwepo. Vyote vilikuwepo tangu miezi mitatu nyuma.

Kwenye mazishi korale ilichagua wimbo uleule wa Pasaka. Nilisimama nyuma, nimeinamisha kichwa, nikingoja waharibikiwe.

Waliimba beti nne. Kisha karatasi zote zikageuka pamoja, kwa sauti moja kama ya mtu anayevuta pumzi, na ubeti wa tano ukaingia. Hakuna aliyepotea.

Nakala moja, niliyoichapa asubuhi ileile, tulikuwa tumeiweka mikononi mwake kabla ya kufunga sanduku. Ilikuwa bado na joto la mashine.

Nilichojifunza: chapa rasimu yenye kasoro, mpe mwenye kazi aishike, ndipo urekebishe. Amri zile nilizimaliza wiki iliyofuata, zinafanya kazi bila kosa. Nimeziweka hapa chini, mzitumie.

Ila kabla hamjazijadili, naomba kila mmoja aniandikie jambo moja: kazi iliyo kwenye kompyuta yako sasa, nani anaingoja?