Punje Badala ya Thaimasi

Maabara nzima ilimwita Mkasi, na jina lilimkaa kama ngozi. Kazi yake ilikuwa kupasua panya waliokwisha kufa na kutoa thaimasi, tezi ndogo iliyo juu ya moyo, ambamo seli changa za kinga hufunzwa kumtambua adui. Kwa panya kijana haimpotei mtu: vipande viwili vyeupe, vimenona, vimejaa seli hizo wanagenzi. Panya akizeeka, tezi husinyaa ikawa utando wenye mafuta. Seli changa hupungua, za aina nyingine zikajipenyeza. Kupima mabadiliko hayo ndiko kulikowaweka wote kazini.

Mwezi ule mashine ya kuhesabu seli ilitoa majibu ya ajabu ya panya wazee. Seli changa hazikupungua, hazikuwapo kabisa.

"Mashine yenu inaumwa," Mkasi alisema bila kuinua kichwa. "Sisi tulihesabu kwa darubini na jicho. Nyinyi mnabonyeza tu, mnangoja kuambiwa."

"Unaionea wivu, mzee!" karani wa stoo akamtania. "Yenyewe haiombi chai."

Wakacheka. Daktari, binti aliyefundishwa na Mkasi kushika koleo, hakucheka. Alivuta kiti akaketi ubavuni pake.

"Baba, nipasulie mmoja nione."

Akapasua. Mkono haukutetemeka, mkono haukuwa na shida. Ila aliinama mno, pua ikakaribia ubao, akanyofoa punje ya mviringo kandokando ya moyo na kuiweka kwenye kisahani kwa madaha.

Daktari akainua kwa ncha ya koleo utando mwembamba uliobaki kifuani.

"Na hii, baba?"

Mkasi aliona ukungu, kisha akaona. Thaimasi ilikuwa ile. Punje aliyoinyofoa yeye ilikuwa tezi ya limfu, makao ya seli zilizokwisha kukomaa. Changa zingetoka wapi? Miwani aliyopimiwa aliiacha kabatini nyumbani, maana fundi anayevaa miwani, alizoea kusema, ni sawa na mpishi anayeonjewa chakula na wengine.

Daktari akawageukia wenzake. "Mashine ilisumbua. Tutarudia vipimo vyote."

Alisema kama mtu anayemfunika mzazi shuka, na hilo lilimchoma Mkasi kuliko tusi. Mafundi wa zamani, waliokwenda na ufundi wao, jicho likififia walikabidhi zana wenyewe, wasingoje kusitiriwa na mwanafunzi. Yeye ndiye aliyeihubiri desturi hiyo, na wangapi aliwasimanga kwa kuivunja!

"Mashine ni nzima," alisema, akiitazama sakafu. "Nimeharibu mimi. Macho hayaoni."



Panya mwingine alipoletwa, Mkasi alimpisha Daktari kiti, akasimama pembeni na kushika taa.

"Juu kidogo, baba."

Akainua taa. Macho hakuyainua.