Ramani ya Kale na Mto Uliohama

Juzi hapa Garsen, bwana wa maktaba alitutandazia ramani ya kale ya serikali, tusome humo majina ya vijiji vyetu. Mkulima wa kijiji cha Hewani akatafuta shamba lake. Kidole chake kikaangukia ng'ambo ya mto Tana, kwenye malisho.

"Mto umehama tangu ichorwe," mkulima akaeleza.

Mfugaji aliyekaa kando yake akatabasamu. "Kumbe mahindi yako yamo malishoni kwangu!"

"Kwako vipi, na nimelima mimi?"

Bwana wa maktaba akaanza kuikunja ramani. "Jamani, hili ni somo la kusoma tu!"

"Tumeshasoma," wakajibu wote wawili, kila mmoja kashika pembe yake.

Sijui kama somo lilifaulu. Najua ramani ilirudi maktaba vipande viwili, imepasukia palepale mtoni.