Mkanda wa Mji Usio na Milango

Miaka ile ya wakimbizi wa Kirundi, Kigoma iliishi kwa habari za kuambiwa. Kila boti iliyofika Kibirizi ilishusha watu na uvumi kwa pamoja, na kabla ya adhuhuri uvumi ulikuwa umekwisha kufika Ujiji, umenenepa njiani. Mimi nilikuwa mwalimu mstaafu wa Kiingereza na historia, mgane, mwenye nyumba ya vyumba vichache mtaani Buzebazeba, na nilijulikana kwa jambo moja lililowachosha majirani: mtu akinisimulia habari, nilimuuliza kwanza kama ameiona au ameisikia. Akisema ameisikia, sikuendelea na mazungumzo.

Kwa sababu hiyo nililidharau banda la video la shemeji yangu. Alikuwa kaka wa marehemu mke wangu, mtu mcheshi, naye alilijenga kwa matete na mabati pale Ujiji, akaweka jenereta nyuma yake na mabenchi ndani. Mikanda iliyopendwa zaidi haikuwa ya ngumi wala ya mapenzi. Ilikuwa ile inayohusu serikali dhalimu za wakati ujao: miji ya chuma na kioo, watu waliovalishwa nguo za rangi moja, askari wasio na nyuso, mtawala anayeonekana kwenye ukuta tu, na hatimaye kijana mmoja anayekataa, na umati unaomfuata. Watu wa mji walishangilia sana. Nakumbuka mvuvi mmoja alivyopaza sauti, siku ambayo mji mzima ulikuwa umekatiwa umeme: "Jamani, udhalimu gani huu wenye taa usiku kucha? Waje watudhulumu na sisi!" Banda zima likaangua kicheko.

Wakimbizi hawakucheka mahali tulipocheka sisi. Niliwatazama. Askari wa kwenye kioo walipoingia nyumbani kwa watu, sisi tuliinua shingo ili tuone vizuri. Wao walitazama miguu yao. Lakini uasi ulipoanza, vijana wao walisogea mbele ya benchi kama watu walioitwa kwa majina.

Kilichoniudhi ni mfasiri. Kando ya televisheni alisimama kijana mwenye kipaza sauti, akiyageuza maneno ya mkanda kwa Kiswahili, na Kiingereza hakukijua kabisa. Alizua tu. Mtawala alitukana kama kondakta, na stelingi, shujaa wa mkanda, alizungumza kama muuza samaki wa migebuka kule mwaloni, boti zinaposhusha. Siku moja nilimkosoa mbele ya watu. Shemeji akaniangalia kwa jicho la utani.

"Basi, shemeji, mkanda mpya umeingia. Jumamosi alasiri kamata kipaza sauti wewe. Au Kiingereza chako ni cha ubaoni tu?"

Watu wakapiga makofi. Nilikubali, kwa kiburi, na nikauomba mkanda mapema ili niutazame kwanza nyumbani kwake kwa makini.

Ulikuwa mkanda mzuri, sitaki kuudhulumu. Ulihusu mji ambao serikali yake imeondoa milango katika nyumba zote, ili raia asiwe na mahali pa kujifungia wala pa kufikiri peke yake. Kijana fundi seremala anatoroka na kuvuka mpaka. Anakaa salama ugenini, kisha wenzake wanamtumia habari kwamba wakati umefika. Anarudi. Raia wanabeba milango waliyoitengeneza kwa siri na kuifanya ngao, wanaelekea kasri la mtawala. Kuna moshi, kijana anaanguka, moshi unamfunika. Mwishoni tunaona mji wenye milango mipya. Kijana, akichechemea, anafika kwao na kubisha hodi. Mama yake anafungua. Hapo mkanda unakwisha.

Chumba changu cha uani alikuwa amekipanga mama mmoja wa Kirundi pamoja na mwanawe. Mama alikaanga maandazi na kuyauza sokoni tangu alfajiri. Kijana, mwenye umri wa miaka ishirini hivi, alibeba samaki kwa baiskeli. Alikuwa na adabu, msomaji, na alipenda kuniuliza maana ya maneno. Ijumaa, kabla ya siku yangu ya kufasiri, mama yule alinifuata barazani akiwa na unga mikononi.

"Mwalimu, shikamoo. Mwana wanje, mwanangu huyu, anataka kurudi kwetu ng'ambo. Kwenda kupigana."

Niliuliza swali langu. "Umeona, mama, au umesikia?"

"Nimeona. Ameuza baiskeli. Amenunua mabuti, ameyaficha chini ya gunia la mkaa. Na wale wanaume wawili wanaokusanya vijana wanakaa naye bandani, benchi moja." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Baba yake na kaka yake wamebaki kule, chini ya ardhi. Huyu ndiye aliyebaki kwangu. Mkanda ule wa milango ameshauona ulipoonyeshwa mara ya kwanza, na yule kijana wa kipaza sauti amewaambia kwamba aliyerudi alishinda, akafika kwa mama yake mzima. Kesho wewe ndiye utakuwa mdomo. Sema alikufa."

"Mama, siwezi kumsemea mtu asichokisema."

"Ego, ndiyo, Mwalimu. Najua wewe ni mkweli. Ndiyo maana wewe wakikusikia wataamini."

Hakulia. Alisimama kidogo, akarudi kwenye kikaango chake. Niliketi pale barazani nikijiambia kwamba jibu langu lilikuwa sahihi, na kadiri nilivyojiambia ndivyo nilivyozidi kuyaona mabuti yale chini ya gunia.

Jumamosi banda lilijaa hadi watu wakakaa chini. Kijana alikuwa benchi la pili, kati ya wale wanaume wawili. Mama yake alisimama nje, karibu na mlango, na sinia la maandazi. Nilipochukua kipaza sauti wakaanza utani.

"Mwalimu, taratibu, sisi hatukufika sekondari!"

"Mwishoni hakuna mtihani lakini?"

"Ukishika chaki tu, tunatoka!"

Nilifasiri kwa uaminifu neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza banda lile lilinyamaza. Nilisikia jenereta. Nilisikia watu wakipumua. Tulipofika penye moshi, pale kijana anapoanguka, nilitazama mlangoni nikamwona mama ameshusha sinia chini. Nikasema: "Risasi imempata."

Haikuwemo. Hakuna aliyesema neno lolote katika sehemu ile ya mkanda. Palikuwa na moshi na muziki tu. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema, na ukimya wa mkanda ulikuwa kama ubao uliofutwa. Na hili ndilo jambo linalonitia haya hata leo, zaidi ya uongo wenyewe: nililipenda. Miaka yote ya kusahihisha maneno ya watu wengine, sasa nilikuwa na umati unaongoja langu. Nilisikia mwanamke akivuta pumzi kwa uchungu, nikaongeza. Nikampa marehemu wangu wa kwenye mkanda maneno ya mwisho. Niliyatunga papo hapo, kwa sauti ya chini, nikiyapima kama beti: "Msiufunge mlango. Nyuma yangu wanakuja wengi."

Kisha kwenye mkanda ikaja hodi. Kijana alionekana wazi akitembea, na mtu wa nyuma akapiga kelele: "Mwalimu! Mbona stelingi huyo hapo anatembea?"

"Hayo ni mawazo ya mama yake," nikasema. "Kila jioni husikia hodi, akafungua. Hakuna mtu. Mwanawe alizikwa pamoja na wenzake, na milango mnayoiona imewekwa kwa ukumbusho wake."

Hakuna aliyebisha. Angelisema yule kijana mzushi wangelimzomea, lakini mimi nilikuwa mimi. Wanawake walitoka wakifuta macho kwa ncha za kanga. Shemeji alinishika mkono kwa mikono miwili, akasema hajapata kuona mkanda uleule ukiwa mkanda mwingine kabisa. Mama alipita mbele yangu na sinia lake kichwani, akainamisha kichwa kadiri sinia lilivyomruhusu. Nililala siku ile nikidhani nimeokoa mtu.

Jumatatu asubuhi, mama akiwa amekwisha kwenda sokoni, kijana alibisha hodi kwangu. Nilikuwa nakunywa chai. Alikataa kukaa.

"Shikamoo, Mwalimu. Nina swali moja tu. Yule kijana wa banda alitwambia stelingi alirudi mzima. Wewe umesema alikufa. Nani mkweli?"

"Yule hajui Kiingereza," nikajibu. Jibu hilo lilikuwa la kweli, nami nilijificha nyuma yake.

"Kwa hiyo alikufa."

"Ulinisikia."

Alitikisa kichwa kuafiki, polepole, kama mwanafunzi aliyelipata jibu alilokuwa akilitafuta. "Mimi niliogopa, Mwalimu. Nisikufiche. Nilikuwa najiambia, nikienda lazima nirudi, kwa sababu ya mama. Kwa hiyo sikuweza kwenda. Kila siku nasema kesho. Wale wananicheka, wananiita bwana harusi wa kukaa ndani. Lakini juzi nimeelewa. Kumbe yule hakurudi, na milango ikawekwa." Kisha akayasema maneno yangu, bila kukosea hata moja, kwa ule utulivu nilioyapa mimi mwenyewe: "Msiufunge mlango. Nyuma yangu wanakuja wengi."

Sijui nieleze vipi nilivyokaa pale na kikombe mkononi. Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia. Ningeweza kushikilia kwamba stelingi alikufa, naye angekwenda kufa kama yeye. Ningeweza kukiri kwamba alirudi mzima kwa mama yake, naye angekwenda kwa matumaini ya kurudi. Yote mawili yalielekea ziwani, kwenye boti za kwenda vitani. Lakini la pili lilikuwa la kweli, na mtu anayekwenda akitaka kurudi huinamisha kichwa risasi zinapopita. Hilo nililijua. Nililijua palepale, si baadaye. Ila kulisema kungenilazimu kusema pia kwamba mimi, mimi niliyewatahayarisha watu wazima kwa sababu ya uvumi, nilisimama mbele ya mji na kuzua.

"Usiende," nikasema. "Mama yako hana mwingine."

"Hata yule mama hakuwa na mwingine, Mwalimu."

Alikuwa akizungumzia mama wa kwenye mkanda. Alinishukuru kwa Kiswahili kizuri, akanipa mkono huku akiushika wake wa kulia kwa wa kushoto, kama wanavyofanya kwao, na akatoka. Niliona mabuti miguuni mwake. Yalikuwa makubwa kuliko miguu yake na yalimfanya atembee kwa uzito. Nilingoja mpaka akapotea nyuma ya nyumba za jirani, nikamalizia chai.

Mama alirudi alasiri. Nilimsikia akifungua chumba. Alipokuja barazani alikuwa anajua. Alikuta gunia la mkaa limesogezwa.

Sikumficha. Nilimweleza yote aliyosema mwanawe na yote niliyojibu, na niliyoshindwa kujibu. Nilitegemea laana. Ningeipokea, laana ni namna ya malipo. Alikaa chini sakafuni, akanyoosha miguu kama wanavyokaa wanawake msibani, akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Nilikuomba umuue," akasema. "Ulimuua vizuri mno."

Nilisema kwamba kosa ni langu. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali, ni kama mtu anayefukuza nzi.

Kisha akaanza kuniuliza, mimi niliyekuwa wa mwisho kumwona. Alivaa shati gani? La bluu. Alibeba nini? Mfuko wa plastiki, wa rambo, sikuona ndani yake. Alikwenda upande gani? Wa barabara ya kuteremkia mwaloni, na baada ya hapo sikumwona. Nilijibu kama shahidi, nisiongeze wala nisipunguze, naye alipokea kila jibu kwa kurudia neno la mwisho kwa sauti ndogo: bluu, rambo, mwaloni. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika kwenye kona ya ua, mmoja anasema boti imeondoka adhuhuri, mwingine anasema haijaondoka, mwingine kwamba vijana wamefichwa kijijini Ilagala wakingoja wenzao. Mama hakugeuza kichwa. Alinitazama mimi tu.

"Uji niliomwachia nimeukuta umefunikwa vilevile," akasema. "Kwako alikula?"

Nilimwambia kweli. Nilimwambia kwamba chai ilikuwepo mezani, na mkate ulikuwepo, na kwamba sikumkaribisha.