Kufyeka Kaburi la Baba

Baba yangu alikuja Karatu akiwa kijana, akitokea Korea na mtambo wa kuchimba visima. Kazi ilipoisha wenzake walirudi kwao, yeye akabaki. Alimwoa mama yangu katika kanisa la Rhotia, akalima vitunguu Mang'ola, akazeeka akiongea Kiswahili chenye lafudhi ya Kiiraqw. Watu walimwita Mchina mpaka siku anazikwa. Tulimzika Rhotia, nyuma ya nyumba, kando ya mahindi. Mchungaji alikosea jina lake na hakuna aliyemsahihisha.

Kwao hakuwahi kurudi. Ukimuuliza, alisema vitunguu havina likizo. Lakini Kikorea alinifundisha, tukiwa wawili tu garini, njia nzima ya Mang'ola, mpaka nikajua kusoma na kuandika.

Mwaka mmoja baada ya msiba, dada yake alinitafuta kwa simu. Sauti yake ilikuwa laini. "Njoo, mwanangu," alisema. "Bibi yako amezeeka. Njoo kabla ya sikukuu ya mavuno." Wakati huo nilikuwa mapokezi kwenye loji moja njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Niliomba likizo. Mama alinifungia asali ya nyuki wadogo na shuka jipya jekundu la kumpa mkwe wake.

"Mwambie nilimtunza mwanawe," alisema.

Shangazi alinipokea uwanja wa ndege, akanikumbatia, akalia. Alinishika masikio akasema ni ya kaka yake yale. Tulisafiri karibu kutwa nzima. Tulipokaribia kijiji chao alisimamisha gari pembeni ya barabara, akakaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani.

"Majirani wakiuliza, wewe ni kibarua wa msimu. Siku hizi wageni wanaokuja kuvuna ni wengi. Hawatauliza zaidi."

"Kwa nini, Shangazi?"

"Bibi yako ni mtu wa zamani. Nisaidie tu."

Nikakubali. Kwetu huwezi kubishana na shangazi siku ya kwanza.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni, mdogo kama mtoto wa darasa la nne, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Nilimwinamia mpaka paji la uso likagusa sakafu, kama baba alivyonifundisha. Nikaweka asali na shuka mbele yake. Alinitazama muda mrefu.

"Alikuwa anakula nini huko?" akauliza.

"Ugali, maharage, wali. Na kabichi. Alikuwa anaivundika mwenyewe kwa chumvi na pilipili, kwenye ndoo, mama akimgombeza kwa harufu."

Mdomo wake ulitaka kucheka. Nikaona huo ndio wakati wa kufikisha salamu. "Mama amesema nikwambie alimtunza mwanao."

Uso wake ukakunjamana. "Alimtunza nani? Mwanangu alikufa baharini. Wewe hujazaliwa bado." Akalisukuma shuka kwa mguu, akamwambia shangazi, "Kampe mbwa."

Nilidhani ni maneno tu. Asubuhi nilipotoka nje, mbwa alikuwa amelilalia.

Siku hiyo ukoo mzima ulikuwa unapanda mlimani kufyeka nyasi kwenye makaburi ya wazee wao, kama wanavyofanya kila mwaka kabla ya sikukuu. Shangazi alinipa mundu, glavu na kofia ya kibarua. Makaburi yao ni vichuguu vya mviringo vilivyoota nyasi. Alinipeleka kwenye kimoja cha pembeni, chenye jiwe. Nikasoma. Lilikuwa jina la baba yangu, na mwaka wa kufa uliochongwa pale ulikuwa miaka mingi kabla sijazaliwa.

Shangazi alinieleza kwa sauti ya chini, akiendelea kung'oa magugu. Baba alipoandika kwamba anaoa mwanamke mweusi, Bibi alitangaza kijijini kuwa mwanawe amezama na meli. Walizika sare zake za shule na viatu. Watu walilia, wakaleta rambirambi, wakala chakula cha msiba.

"Baba alijua?"

"Bibi yako alimtumia picha."

Nikaijua hiyo picha. Ilikaa ndani ya Biblia ya baba: kichuguu cha kijani, jua zuri. Aliniambia ni kilima alichokuwa akirushia tiara utotoni.

Nilifyeka. Sikujua la kufanya zaidi ya kufyeka. Nililizunguka jiwe kwa mundu vizuri, nikaokota majani yaliyokatika, kama ambavyo ningefanya Rhotia. Mzee mmoja jirani, aliyetoka kwenye makaburi ya kwao, alisimama kunitazama.

"Huyu kibarua wenu anajua kazi," alimwambia shangazi. "Mmemtoa wapi?"

Nilisimama kabla shangazi hajajibu. "Mimi ni mtoto wake," nikasema, nikionesha jiwe.

Yule mzee aliinama akasoma lile jiwe, ingawa alilijua. Akanitazama kuanzia kwenye buti mpaka kofiani. Akacheka mpaka akakohoa.

"Basi mama yako alibeba mimba ndefu kweli!"

Wote wakacheka. Shangazi naye alicheka, mkono mdomoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya peasi, na ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, huku ananitazama usoni.

Kesho yake shangazi alinipeleka stendi. "Ungenyamaza tu," alisema. Bibi hakutoka kuniaga.

Njia nzima kutoka Arusha nilikuwa napanga uongo wa kumwambia mama. Nilimkuta anachambua maharage. Aliniuliza kama nimepokelewa vizuri, na nilikuwa nimechoka, nikamwambia yote, hadi la mbwa. Aliendelea kuchambua.

"Kwa hiyo mimi niliolewa na marehemu," akasema. Akatupa punje mbovu pembeni, akaongeza, "Na lile shuka lilikuwa zuri."

Mwaka huu, kabla ya mvua, shangazi aliandika. Bibi ni mgonjwa, amekataa chakula, anamwita mwanawe mchana na usiku. Anaomba udongo wa kaburi la Rhotia, hata kiganja kimoja, utiwe kwenye kile kichuguu naye azikwe pembeni yake.

Nilimsomea mama. Mama yangu ni mtu ambaye hajawahi kumnyima jirani chumvi. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Mwandikie hivi: mwanao alikufa baharini. Tuma watu wakachote maji."

"Mama."

"Andika."

Niliandika kama alivyosema, bila kulainisha neno. Shangazi alisoma saa hiyo hiyo na hakujibu. Siku chache baadaye alituma picha ya kichuguu kipya, udongo mtupu, bila maneno.

Mama aliitazama, akanirudishia simu. "Ule ujumbe ulifika?"

"Shangazi aliusoma."

"Nimekuuliza bibi yako. Alisomewa?"

Nikamwambia sijui. Akainama tena kwenye moto, akapuliza.