Punda Aliyemjua Mwenye Koti

Siku ile kwenye zizi la punda la Stanmore, pembezoni mwa London, mwishoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa watatu: mimi, binti yangu aliyenileta kwa gari, na bibi wa Kiingereza mwenye zizi. Majina yao ninayo yote, siyaandiki tu. Wa nne ni shoga yangu, nesi wa Mombasa. Yeye alikuwa amefariki wiki tatu kabla, na koti lake nilipewa mimi kwa sadaka.

Punda yule aliletwa akiwa mwitu, hajawahi kuguswa na mtu. Sisi wa kujitolea tulikuwa tukimzoesha, lakini alimkubali shoga yangu peke yake. Sasa kwato zilimrefuka hadi akawa anachechemea, na fundi wa kuzikata anakuja kesho yake. Asiposhikika, hazikatwi.

Nikaamua kulivaa lile koti.

"Mama, unamdanganya mnyama," binti yangu akasema.

"Nguo ya sadaka haina mwenyewe. Nyamaza, atakusikia."

Nikakaa nimempa punda mgongo, kama shoga alivyonifundisha. Akaja mwenyewe, akanusa mkono wa koti, akatia kichwa kwapani mwangu. Nikainama nikamshika mguu, akaniachia. Kisha akanitazama usoni. Akageukia getini, alikozoea kuingilia shoga yangu, akasimama vivyo hivyo mpaka tukaondoka.

Kesho yake nikalivaa tena, fundi akamaliza kazi. Tangu hapo sijalitia mwilini.

Pengine punda hakutazama getini, pengine ni mimi niliyetazama. Mnaoikumbuka siku ile, kama nimekosea nisahihisheni. Nitashukuru sana.