Matope ya Josho

Siku ile, nyumbani kwetu Kibomet, tulikuwa watano: mimi kifungua mimba, mdogo wangu wa kiume, dada yetu kitinda mimba, mama jirani wa chini ya mteremko, na madam mtaalamu wa udongo niliyemwomba aje kutoka Bungoma.

Baba alipokuwa hai alifanya kazi ya kusafisha josho, birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe, akawa analeta matope yake nyumbani. Mama aliyachanganya na mavi ya ng'ombe akasiriba sakafu, maana dawa hiyo iliua funza pia. Yaliyobaki yalirundikwa nyuma ya jiko. Hapo hapakuota hata nyasi.

Wazazi walipofariki niliacha shule nikalea wadogo zangu. Maji tulichota kwenye kisima cha mama jirani, na hakuwahi kutufungia. Sasa nilitaka kujua kama sumu ya rundo letu ilikuwa imemfikia.

Madam alizungusha chuma chake cha kutobolea ardhi kando ya rundo, ukatoka udongo mwekundu.

"Huu mfinyanzi unashika dawa," alisema. "Ikibaki humu, haitembei sana."

"Ati dawa?" mama jirani akadakia. "Si hii ndio iliokoa vidole vyenu? Mlikuwa mnatembea kama bata, bana!"

Tukacheka, isipokuwa madam. Chuma kilikuwa kimefika kwenye mchanga. Aliunusa, akanisogezea. Ulinuka josho.

"Mchanga haushiki. Mvua ikishuka, inabeba dawa."

"Inapeleka wapi?" mdogo wangu aliuliza.

Madam alitazama kisima kule chini.

Udongo na maji ya kisima vilipelekwa Bungoma kupimwa. Tukingoja majibu, nilimpelekea mama jirani maji ya bomba la barabarani kila asubuhi, kabla ya kuchota yetu. Hatimaye madam alipiga simu: kisima bado safi, lakini dawa imeshafika katikati ya mteremko. Tuondoe rundo kabla ya mvua, tulitie kwenye magunia, tusilitupe popote, watu wake watakuja kulichukua.

Tulilizoa lote, na udongo wa chini yake. Mchanga wenye dawa ulikuwa chini mno, hatukuufikia.

"Wacha, mwanangu," mama jirani aliniambia. "Utachimba mpaka utokee Kapsokwony?"

Mvua imeanza. Kisima kitapimwa tena ikikatika. Bado nampelekea maji, naye bado ananigombeza kwamba najichosha. Alitunywesha miaka yote ya uyatima wetu. Deni hilo sijalilipa hata nusu.